Nusu ya Kravati Juu ya Tantine

Kwa miaka mingi niliyofanya kazi katika karakana ya kanisa hapa Kamina, kila mfanyakazi mpya aliniuliza maswali mawili kabla hata ya kuuliza choo kiko wapi. La kwanza: kile kipande cha kravati ya bluu, kilichopigiliwa ukutani juu ya msumeno wa umeme, ni cha nani? La pili: kwa nini jioni, tukishahesabu vidole, tunahesabu na ulimi? Swali la kwanza nililijibu kwa uongo wa kila rangi. Wengine niliwaambia ni ya bwana harusi aliyekimbia. Wengine, ya mkaguzi aliyekuja kutafuta makosa akapata. Yupo mmoja wenu, simtaji jina, aliyeamini kwamba ni ya Mbelgiji aliyechora ramani ya Base, ile kambi ya jeshi, akaenda kumsimulia mkewe. Swali la pili nilijibu tu, "Utajua." Sasa nimestaafu, mwenye kravati amenipa ruhusa, na nimekaa na daftari niwaandikie ukweli wote.

Mambo ya mshahara na vyeo nayaacha. Vyeo nilipewa viwili, na vyote vilikuwa na maana ya kubeba funguo.

Niliingia karakana nikiwa na diploma ya ukarani na viatu vya kisigino. Nyumbani kwetu mtu alishika kalamu au alishika Biblia. Msumeno ulikuwa kazi ya watu wengine. Baba yangu alikuwa karani, na alifurahi kusikia nitakaa mezani, niandike maagizo ya wateja na mihutasari ya kamati. Hakujua kwamba meza yenyewe ilikuwa katikati ya karakana, kati ya rundo la mbao na chungu cha gundi. Fundi mkuu alikuwa Papa Banza, mzee mfupi mwenye vidole tisa na nusu. Hiyo nusu iliyokosekana aliiacha kwenye msumeno wa mviringo huko Likasi alipokuwa kijana, na alikuwa akiitaja kama ndugu aliyehamia mbali. Asubuhi yangu ya kwanza aliniangalia miguuni muda mrefu.

"Mama," akaniuliza, "ile viatu inaenda wapi?"

"Kazini, Papa."

"Basi, iende. Weye ubakie."

Nikapewa mabuti yake ya mpira, ambayo yangenitosha miguu yote miwili katika buti moja. Niliyavaa wiki tatu, nikiandika maagizo na kufagia unga wa mbao, mpaka siku nilipomwambia kwamba mabenchi ya kanisa la Kabondo-Dianda yalikuwa yamepimwa vibaya na hayatapita mlangoni. Alipima tena, akanipa msumeno wa mkono na lile sanduku la pembe: kihori cha mbao chenye mifereji ya kupitishia msumeno, ili ukate mshazari bila kubahatisha. Mwaka mzima nilikata pembe za fremu na ubao wa dari kwa kihori hicho. Mkono wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto, na mama yangu akaanza kunishonea blauzi kwa vipimo viwili.

Kisha Tantine akafika. Alikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, ndani ya sanduku lenye mshale wa "juu" ukiangalia chini. Ni yule yule mnayemjua: msumeno wa pembe, ambao wenye Kifaransa chao wanauita scie à onglet. Karatasi zake za maelezo ziliandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu Kamina aliyewahi kuiona, hata padri wa Wakatoliki. Tulisoma picha tu. Picha moja ilionyesha mkono uliopigwa mstari mwekundu, nyingine jicho lenye miwani, nyingine mtu mwenye nywele ndefu na uso wa huzuni. Tulimwita Tantine, yaani shangazi, kwa sababu alifika bila kutangaza, alipiga kelele, na alimkatiza kila mtu maneno. Papa Banza alisema heshima zake ni zile zile za shangazi: akiingia, unasimama wima, unaficha kila kinachoning'inia, na hunyooshi mkono mpaka amenyamaza kabisa.

Kwa sababu mnaendelea naye, nawarudishia sheria za Papa Banza kama alivyonipa. Kitenge hakiruhusiwi karibu na Tantine, wala bangili, wala mikono mirefu ya shati. Ubao unalala chini na unaegemea ukuta wa chuma ulio nyuma. Ukiona mwanga kati ya ubao na ukuta, hujawa tayari. Mkono unaoshika ubao unakaa shubiri nzima mbali na diski ya meno, shubiri ya Papa Banza, si ya mtoto. Kipande kifupi hakishikwi kwa vidole, kinashikwa kwa kibano. Kama ni kifupi kuliko kibano, basi kata kutoka ubao mrefu na uache ubahili. Unabonyeza kitufe, unangoja diski ifike mwendo wake wote, ndipo unashusha polepole. Ukimaliza, unaachia kitufe, na unabaki chini, ubao umeshikwa, mpaka diski imesimama. Hapo ndipo vijana wote wanakosea. Wanainua kichwa cha msumeno diski ikiwa bado inazunguka, na kipande kilichobaki kinaruka. Kimoja kiliruka kikavunja chungu cha maharagwe cha mlinzi, na hatukupata ushirikiano wake tena mpaka Pasaka.

Kusafisha ni kazi ya Ijumaa. Utomvu wa mti wa mulombwa unaganda kwenye meno ya diski mpaka inaanza kuchoma mbao badala ya kukata. Mafuta ya taa kidogo na mswaki wa zamani vinatosha. Nasema mswaki wa zamani. Papa Banza aliwahi kutumia mpya, na haukuwa wake. Mota ikitoa cheche nyingi na harufu, ni charbons, vile vipande vya kaboni vya ndani, vimeisha. Mara ya kwanza alinituma sokoni kununua charbons, nikarudi na kikapu cha makaa ya kupikia, maana kwa Kifaransa nayo ni charbons. Alinilipa nauli, akapikia chai, akanituma tena.

Na msisahau sumaku. Mbao zetu nyingi zilitoka kwenye mabehewa ya zamani ya treni, na behewa la zamani lina misumari mingi kuliko samaki alivyo na miiba. Msumari mmoja unang'oa meno matatu ya diski, na jino likiruka halichagui macho ya nani. Papa Banza alivunja spika ya redio iliyokufa, akatoa sumaku yake, akaifunga uzi. Kila ubao ulipitishiwa sumaku hiyo kabla ya kumfikia Tantine. Sumaku bado iko kwenye droo yangu, mkono wa kushoto, chini ya biskuti.

Jioni, kabla ya sala ya kufunga, tulisimama mstari mmoja. Papa Banza aliuliza kwa sauti, "Vidole?" Sote tuliinua mikono tukajibu, "Kumi!" Yeye mwenyewe akamalizia, "Tisa na nusu, lakini ile iko ya zamani." Ndipo aliomba. Wakati huo ulimi haukuwemo kwenye hesabu. Uliingia kwa sababu yangu, na huko ndiko ninakokwenda.

Umeme wa Kamina mnaujua. Unaondoka bila kuaga na unarudi bila hodi. Majumbani watu wanaacha taa imewashwa au redio imefunguliwa ili wajue umerudi. Mimi, kwa akili zangu nyingi, niliona karakana inapoteza saa nzima tukiwa uani tunapiga soga huku umeme umeshafika zamani. Kitufe cha Tantine kimetengenezwa ili ukikiachia azime. Aliyemuunda hakuweka kifungo cha kumwacha akiwaka peke yake, na sasa naamini alitujua. Nilichukua utepe wa mpira wa tairi la baiskeli, nikauzungusha kwenye kitufe, nikafunga fundo. Umeme ukikatika, nilishusha kichwa cha msumeno, nikakibana chini kwa pini yake, nikafunga utepe wangu na kwenda zangu uani. Umeme ukirudi, Tantine alilia mwenyewe, na sote tulikimbia kazini.

Papa Banza aliniona nikifunga, mara ya kwanza. Aliuliza ni kitu gani. Nilimwambia nafunga kitufe kisiingie vumbi. Alikuwa anazeeka, macho yakimchoka, na aliniamini kwa sababu sikuwa nimewahi kumdanganya. Kila Tantine alipolia, alidhani kuna mmoja wetu ndani aliyejaribu kitufe. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mama Bolumbu, mke wa mwanajeshi kutoka mkoa wa Équateur, ambaye alikuwa amehama Base akafungua kibanda karibu na ukuta wetu, anauza maji ya matunda ya baridi katika vifuko. Friza lake lilimtegemea Tantine. Akimsikia tu, alichomeka plagi na kupiga vigelegele. Mtaa mzima ulijua habari za umeme kwa sauti ya msumeno wangu, nami nilitembea sokoni nimeinua kichwa kama mke wa gavana.

Sasa Mwalimu Kalenga. Alikuwa mwalimu wa shule ya kanisa na mwenyekiti wa kamati iliyosimamia karakana. Hakuna mtoto wa mji huu wa wakati ule asiyemwogopa siku ya Jumatatu. Alisimama kwenye lango la shule na kuvuta kravati moja moja. Mvulana aliyefunga fundo mwenyewe alipita. Aliyevaa kravati ya lastiki, ile ambayo fundo limeshonwa kiwandani na mtu anapitisha kichwa tu, alirudi nyumbani na kravati yake mkononi. "Fundo njo akili," alikuwa akisema, fundo ndiyo akili yenyewe. "Muntu ya lastiki, akili ya lastiki." Kaka zangu wote watatu wamewahi kurudishwa.

Mwalimu aliagiza fremu nane za picha za wakuu wa shule waliotangulia. Fremu ni kazi inayomfichua fundi, maana pembe nne lazima zibusiane, na kosa dogo la pembe ya kwanza linajikusanya kwenye ya nne. Alipokuja kuzikagua, alitoa kadi yake ya kanisa mfukoni na kujaribu kuipenyeza kwenye kila pembe. Ilipenya.

"Jeanne," akaniambia, "hapa hata mbuzi inapita."

Alikuwa na haki. Tulikata ubao mmoja mraba, tukageuza nusu moja juu chini, tukaunganisha nusu zote mbili: pengo lilionekana wazi. Kwenye treni Tantine alikuwa amegongwa, na alama zake, hata ile ya digrii arobaini na tano, zilikuwa zinasema uongo kwa unywele. Papa Banza alilegeza boliti, akaweka ekwere, ile skwea ya chuma, kati ya ukuta na diski, akanyoosha, akakaza. Tukaanza fremu upya. Mwalimu aliahidi kuja Jumanne kuangalia kwa macho yake kama digrii zimetubu.

Jumanne hiyo umeme ulikatika katikati ya fremu ya sita. Nilifanya kama kawaida: nilishusha kichwa, pini, utepe, fundo. Nilienda nyuma kupaka gundi. Papa Banza alikuwa nje mlangoni, akibishana na Mama Bolumbu juu ya kifuko cha tangawizi. Mwalimu akaingia kwa mlango wa pembeni, suti nyeusi, kravati ya bluu. Mtu aliyezoea kusahihisha hangoji kukaribishwa. Alimwendea Tantine moja kwa moja, akainama asome namba za digrii, na miwani yake ilikuwa dhaifu, kwa hiyo aliinama sana. Kravati ikalala juu ya mfereji wa diski. Niliinua macho nikamwona.

Ilinipasa kupiga kelele "Toka!" Lakini mtoto wa Kamina aliyelelewa vizuri hampigii kelele mwalimu wake. Nilisema, "Jambo, Mwalimu. Habari ya asubuhi?"

Umeme ukarudi.

Tantine alilia. Kravati iliingia kwenye diski, na Mwalimu akaenda nayo, uso mbele, miwani ikaruka. Nilidhani nimemwua. Sikupiga kelele hata hapo; brashi ya gundi ilikuwa bado mkononi. Kisha nikasikia kitu kikilia "tap", kama kamba ya sidiria inapokatika, na Mwalimu akasimama wima, kola wazi, shingo tupu. Diski ilijizungushia kitambaa mpaka ikakwama ikinguruma. Papa Banza aliingia mbio na kung'oa plagi ukutani. Huko nje Mama Bolumbu, ambaye hakuona kitu, alikuwa akipiga vigelegele: "Courant ezongi! Umeme imerudi! Aksanti, Tantine!"

Papa Banza hakuuliza habari. Alimshika Mwalimu mikono yote miwili na kuhesabu vidole kwa sauti, mpaka kumi. Akampapasa shingo. Ndipo akageuka kwa Tantine na kuona utepe wangu wa mpira. Alijua fundo lile ni la nani, maana nilifunga kama mwanamke anavyofunga mtoto mgongoni, na karakana ilikuwa na mwanamke mmoja. Alilifungua haraka, akatia utepe mfukoni. Baadaye akatoa kravati kwenye diski. Nusu ya chini ilibaki na meno ya msumeno. Nusu ya juu ilikuwa na fundo zuri mno, lililoshonwa kiwandani, na nyuma yake lastiki nyeusi iliyokatika.

Tuliiona sote watatu. Mwalimu aliangalia mahali pengine. Papa Banza aliitia kwenye mfuko wa pili.

"Minyi njo nilisahau kutosha prise," akamwambia, akionyesha plagi aliyoing'oa. "Unisamehe, Mwalimu. Kosa iko yangu."

Mwalimu alijifunga leso shingoni, akatoka kwa mlango ule ule wa pembeni. Nami sikusema neno.

Jioni tulisimama mstari. "Vidole?" Niliinua mikono, mdomo ukagoma kusema kumi. Papa Banza alinisogelea.

"Vidole naona, iko kumi," akasema. "Ulimi njo sioni."

Wengine walicheka, wakidhani ni utani wa kawaida. Mimi nilirudi nyumbani nikamwaga maji ya kupikia bukari, ugali wetu, mara mbili.

Kamati iliitishwa Alhamisi, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Kilichokuwa hatarini kilijulikana na kila mtu: Papa Banza angetolewa. Alikuwa mzee, vidole tisa na nusu, na sasa amekiri kumwacha mwenyekiti mwenyewe mbele ya msumeno unaowaka. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto mjini. Karakana ndiyo ilikuwa nyumba yake, na watu wa kamati walikuwa wameshaanza kutaja jina la fundi mwingine. Mwalimu Kalenga alikaa kichwani pa meza, safari hii na shati lililofungwa kifungo mpaka juu, bila kravati. Nami nilikuwemo, kwa sababu karani ndiye anayeandika muhtasari.

Niliandika tarehe. Niliandika waliohudhuria. Niliandika: "Fundi mkuu anakiri kwamba alisahau." Nina mwandiko mzuri, baba alinifundisha, na niliona uongo wangu umekaa pale kwenye karatasi ya kanisa, umenyooka, herufi kubwa mahali pake. Nililia kabla ya kusema. Kisha nikaweka kalamu mezani.

"Siwezi kuandika hii," nikasema. "Papa Banza hakusahau kitu. Ni minyi nilifunga mupira kwa bouton, Tantine aimbe wakati courant inarudi. Papa aliniuliza siku ya kwanza, nikamudanganya. Na ile siku nilimuona Mwalimu ameinama, nikamupa jambo."

Mama Mbuyu, kiongozi wa akina mama, ambaye hakuwa na subira na machozi ya mtu, alinigeukia.

"Ulimupa jambo?"

"Ndiyo, mama."

"Vidye wami, Mungu wangu! Heshima itatuua siku moja." Akamgeukia mwenyekiti. "Na weye, Mwalimu. Minyi niko na swali. Muntu akifunga kravati muzuri, ikaingia mu machine, inamunyonga. Weye ulipona namna gani?"

Sijawahi kuona mtu akitokwa jasho masikioni. Watu wote wa meza ile walikuwa na watoto waliorudishwa langoni. Mwalimu aliangalia mfuko wa koti la Papa Banza, nami nikauangalia, kwa sababu nilijua nusu ya juu imo. Neno moja tu, na Jumatatu za Mwalimu Kalenga zilikuwa zimekwisha Kamina nzima.

Papa Banza alikohoa. "Fundo yake ilikuwa mubaya," akasema. "Ilijifungua yenyewe. Njo bahati."

Mwalimu akachagua. Ilimchukua muda, maana kwa mtu kama yeye fundo baya lilikuwa dhambi ya pili kwa ukubwa.

"Ni kweli," akasema taratibu. "Fundo ilikuwa mubaya."

"Andika," Mama Mbuyu akaniambia, na nikaandika. Mtalikuta kwenye daftari la mihutasari: fundo la mwenyekiti lilikuwa baya. Mwalimu mwenyewe alipendekeza Papa Banza abaki, na hakuna aliyebisha. Mimi nilifungiwa miezi sita nisimguse Tantine. Nilirudi kwenye kihori na msumeno wa mkono, na kila asubuhi kabla ya sala nilisoma sheria za msumeno kwa sauti mbele ya wote, na ya kwanza ikawa hii mnayoijua: umeme ukikatika, plagi inatoka ukutani kwanza, inatundikwa kwenye msumari mbele ya macho ya kila mtu, ndipo mtu apumue. Utepe wangu Papa Banza alinirudishia nifungie mabuti.

Tulipotoka kwenye kamati nilimfuata nimlaumu kwa ule uongo wa fundo. "Papa, minyi nimesema ukweli, basi weye unasema bongo. Mbele ya kanisa!"

Alitembea hatua kadhaa. "Bongo yako ilikuwa inakata bantu, mama. Ile ya Mwalimu inakata nani?" Akanitazama. "Na weye, ulimi yako, nitaihesabu kila siku, mpaka nife."

Alihesabu, kila jioni, miaka yote iliyombakia. "Vidole?" Kumi. "Ulimi?" Iko. Aliyekuwa amevunja kitu, au ameficha ubao uliokatwa vibaya, au ameondoa kifuniko cha diski kwa haraka zake, alisema hapo, na hakuna aliyefokewa kwa lililosemwa kwenye mstari. Ndiyo sababu mnaitikia hivyo. Siyo sala wala si utani. Nusu ya chini ya kravati aliipigilia mwenyewe, ile nusu isiyosema kitu. Nusu ya juu aliifunga ndani ya gazeti, akaificha nyuma ya fremu ya nane, ikapelekwa shuleni pamoja na picha. Kadi ya kanisa haikupenya pembe yoyote. Kuanzia Jumatatu iliyofuata Mwalimu hakuvuta tena kravati ya mtoto langoni. Alisema mgongo unamwuma.

Mama Bolumbu ndiye hakutusamehe. Alikuja siku ya pili baada ya plagi kuanza kutundikwa, mikono kiunoni. "Tantine amekufa? Kasi, lakini jus yangu itakuwa chai!" Tulimnunulia amani kwa kuacha redio imefunguliwa dirishani. Umeme ulirudi mara ya kwanza wakati wa mahubiri ya redioni, na mteja aliyekuwa dirishani akapiga magoti.

Papa Banza alikufa kitandani, vidole tisa na nusu, na kazi ya kuuliza ikanijia mimi. Kwa hiyo siku mliyoniaga, niliposimama kwenye mstari mara ya mwisho, nikagundua hakuna wa kuniuliza. Wengine wenu mlikuwa uani mkigombania soda, ndiyo maana naandika. Mwalimu Kalenga alikuwa amekaa kiti cha mbele, mzee sana, fimbo katikati ya magoti, koti limefungwa vifungo vyote katika joto lile. Alinyanyuka.

"Vidole?" akauliza, kwa sauti ile ile ya langoni.

Niliinua mikono. "Kumi, Mwalimu."

"Ulimi?"

"Iko." Na kwa kuwa nilikuwa nimeshastaafu na hakuna wa kunifungia miezi sita, nikamrudishia. "Na ya Mwalimu?"

Alinijia polepole mpaka tukawa uso kwa uso, mbele ya Tantine, plagi imetundikwa msumarini. Aliinama. "Vuta," akasema.

Nilishika kravati yake shingoni nikavuta. Ilitoka bila ubishi kutoka ndani ya koti, nusu tu, ya bluu, ukingo wake umetafunwa, fundo zuri mno, na nyuma yake lastiki mpya iliyoshonwa kwa mkono unaotetemeka. Vijana waliokuwepo walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwalimu aliwaacha wamalize.

"Marehemu muke yangu, mama ya nyumba, njo alikuwa ananifunga kravati kila asubuhi," akawaambia. "Miaka yote. Minyi sikujua kufunga hata siku moja. Alipokufa, nikaenda kununua ya lastiki, na Jumatatu nikaendelea kuvuta ya batoto." Alishika shingo yake tupu, akanigeukia. "Ulimi iko, Jeanne. Ilichelewa tu."

Nikaitazama ile nusu ya ukutani, nikaomba nyundo.